Kikaangio cha Vikapu Viwili Nilichomchagulia Dekow

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ni ya zamani, hina ya harusi ikiwa bado haijafifia mikononi mwangu. Nilikuwa nimeletwa Garissa kutoka Griftu kuolewa na Dekow, kijana aliyekuwa akinunua mbuzi na ng'ombe kule Wajir na kuwaleta kwa lori hadi soko la hapa. Tuliishi na mama yake, Ebla. Nilimwita Eddo, kama tunavyowaita shangazi zetu na wanawake wote wakubwa tunaowaheshimu. Meno ya Eddo yalikuwa yamekwisha, na nyama ya ngamia hakuiweza tena.

Tulikuwa na jiko moja la makaa. Wali na nyama vilipikwa kwanza, maana wanaume walirudi kutoka sokoni na njaa. Chakula laini cha Eddo kilifuata, moto ukiwa umeshalegea. Ndivyo nilivyoikuta nyumba ile, na ndivyo nilivyoendelea. Sisi tulikula pamoja mkekani tukicheka. Yeye alikula baadaye, peke yake, sisi tukiwa tumeshanawa mikono.

Siku hiyo Eddo hakusubiri. Alishika fimbo yake, akaja polepole, akaketi katikati yetu, akachukua kipande cha nyama na kukitia mdomoni. Alikigeuza huku na huku, hakiendi. Dekow akamwambia, "Hooyo, chako kinakuja. Subiri kidogo." Hooyo ndiyo mama kwetu.

Eddo akakitoa kile kipande, akakiweka ukingoni mwa sinia. "Sikuja hapa kwa sababu ya njaa," alisema. "Nimezaa watoto, na nataka kula nikiwaona. Nyinyi mmenipa chakula mkaninyima watu."

Dekow aliinamisha kichwa. Mimi sikulala vizuri, na kulipokucha nilikwenda nyuma ya nyumba nikakusanya mawe, nikapanga mafiga ya pili kando ya jiko. Eddo alinikuta nimepiga magoti nikipuliza moto. Akatazama nilivyotayarisha sufuria, akatikisa kichwa. "Umeanza na chao. Anza na changu. Changu ndicho kinachochelewa." Nikaanza na chake. Mchana ule vyakula vyote viwili vilifika mkekani vikitoa mvuke, na Eddo akala na watu wake. Alikula hivyo hadi Mungu alipomchukua.

Sasa unaniuliza, mwanangu, kama wengi wenu mnaoanza nyumba mnavyoniuliza, ni kikaangio kipi cha hewa ununue, hicho mnachokiita air fryer. Nitakueleza nilivyochagua changu, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana sikukinunua kwa ajili ya fasheni.

Miaka imepita, Dekow amekuwa mzee. Lori aliliacha, ila sokoni bado huenda kukaa na wenzake na kubishana kuhusu bei. Mwaka juzi alishikwa na presha. Yeye husema "bresha" hadi leo, hata mbele ya daktari, na mimi niliyefundisha Kiswahili shuleni nimechoka kumsahihisha. Daktari alimwambia apunguze mafuta na chumvi. Dekow aliitikia vizuri sana. Tulipofika nyumbani akaniuliza sambusa ziko wapi.

Nikaanza kumpikia chake kando. Kuku wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha, mboga za kuchemsha. Watoto na wajukuu walikula sambusa na nyama ya kukaanga, yeye nikamwekea sahani yake. Alikula kimya, kidogo, kisha akasema anakwenda msikitini. Msikitini alikwenda kweli, lakini baada ya swala alipitia hotelini, akaketi na wenzake, akala nyama ya kukaanga. Niliijua harufu ya mafuta yale kwenye kanzu yake. Nilipomuuliza aliniambia, "Halima, ule mlo wako ni wa wodini. Mimi bado niko nyumbani."

Halafu wakamleta siku moja adhuhuri, wenzake wawili wamemshika mikono, mdomo umevutika upande mmoja na maneno hayatoki sawa. Wallahi sikuwahi kuogopa hivyo. Tulimkimbiza hospitali. Mungu alimhurumia, kiharusi kilikuwa kidogo, na baada ya muda mdomo ulirudi mahali pake. Ila daktari alinivuta kando akaniambia waziwazi kwamba kingine huenda kisiwe kidogo.

Nilikaa kando ya kitanda chake nikimtazama akilala, na hapo nikamkumbuka mama yake na kile kipande cha nyama alichokitoa mdomoni. Nikaelewa kwamba Dekow hakuwa akiifuata nyama peke yake kule hotelini. Alikuwa akiwafuata watu, aketi nao na ale wanachokula. Mimi nilikuwa nimemtoa mkekani bila kumwambia atoke. Nikaapa moyoni kwamba Ramadhani haitaingia kabla sijamrudisha. Na Ramadhani, wewe unajua, kwetu hakuna futari bila sambusa.

Binti yangu Sahra, aliye Nairobi, alinipigia simu. "Hooyo, nakutumia air fryer kwa basi. Kubwa, ina kikapu kimoja kipana na kioo mbele. Kila mtu anainunua."

"Kila mtu hakuolewa na baba yako," nilimwambia. "Usitume kitu. Nitakwenda kuchagua mwenyewe."

"Lakini hooyo, wewe huzijui hizo mashine."

"Nitazijua."

Asubuhi nilifunga sambusa mbichi, nyingine nikazitia chumvi kama kawaida na nyingine nikazitia ndimu na bizari, chumvi kidogo tu. Nikachukua na mapaja ya kuku. Nikaviweka kwenye kontena lenye barafu, maana joto la Garissa halisubiri mtu, nikaenda madukani. Duka la kwanza kijana alinitazama, akatazama kontena langu, akasema hawapiki pale. Nikatoka. La pili vilevile. Katika duka lililofuata, mwenyewe alikuwa kijana mpole anayeitwa Yunis, na alianza kwa kunionyesha ile ile aliyoitaka Sahra.

"Eddo, hii inaingia kuku mzima. Hii ndiyo inakwenda sana."

"Nina mgonjwa anayekula bila chumvi na wajukuu wanaokula na chumvi," nilimwambia. "Nikiweka vyakula vyao kwenye kikapu kimoja, mafuta na chumvi vitachuruzika pamoja. Nikipika kwa zamu, mmoja atakula baridi. Nionyeshe ya vikapu viwili."

Alinionyesha mbili zilizokuwa wazi juu ya meza. Vikapu vilikaa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kinavutwa kama droo. Nilivitoa vyote, nikapitisha kidole ndani kuona kama rangi imeshika vizuri, nikazipanga sambusa zangu chini bila kuzibebanisha. Mashine ya kwanza iliandikwa ukubwa wa kuvutia, lakini ule ulikuwa wa vikapu vyote kwa jumla. Ukikitazama kimoja peke yake, kilikuwa chembamba na kirefu, sambusa zilibebana. Ya pili ilikuwa pana kidogo, zikalala zote.

"Sasa ziwashe," nikasema.

"Eddo, nikiiwasha haitakuwa mpya tena."

"Hizi za maonyesho juu ya meza umeshazifungua. Washa hizi. Mimi nina mchana mzima." Nikavuta stuli, nikaketi.

Yunis alicheka, akachomeka waya. Tuliijaribu ile nyembamba kwanza, kuku upande mmoja na sambusa upande mwingine. Ukiwasha kikapu kimoja inaunguruma vizuri. Ukiwasha vyote viwili inachoka. Sambusa zilibaki nyeupe kama kitambaa cha mochari, Mungu aniwie radhi. Hata Yunis alitikisa kichwa.

Ya pili ilikuwa na kitufe ambacho Yunis mwenyewe hakuwahi kukibonyeza. Tulisoma kijitabu pamoja. Kazi yake ni kufanya vikapu vyote vimalize kwa pamoja: kuku akaanza, upande wa sambusa ukakaa kimya ukingoja zamu yake, kisha nao ukawaka. Wanawake waliokuja kununua mapazia wakakusanyika. Mmoja aliyetoka Buna aliuliza kama tunafungua hoteli. Mashine ilipolia, nikavuta vikapu vyote viwili. Kuku ameiva hadi mfupani, sambusa zimepata rangi, na zote za moto. Tulikula pale pale dukani, Yunis akiwa wa kwanza.

"Nitachukua hii," nikasema, "lakini niandikie risiti na dhamana kwanza. Na uniambie ukweli, umeme wangu utaibeba?"

Hapo alinisaidia sana kijana yule. Aliniambia vikapu vyote vikiwaka vinakula umeme mwingi, nisiichomeke kwenye waya wa kuunganisha pamoja na friji, na ile sola yangu ndogo ya taa nisiijaribu kabisa. Nikamwita fundi akaweka soketi nzuri jikoni. Mashine nikaiweka mbali na ukuta kidogo, kwa sababu inapumulia hewa ya moto nyuma. Jiko la makaa sikulitupa. Stima ya hapa unaijua.

Usidhani Dekow alifurahi. Aliizunguka, akaigonga kwa fimbo. "Hii ni redio?" Akaonja sambusa, akairudisha. "Imekauka. Umeianika juani?"

Sikubishana naye. Kesho yake nilizipaka mafuta kidogo kwa brashi kabla ya kuzitia, nikaongeza kitunguu kwenye nyama ili isikauke. Alikula moja. Siku nyingine nikapunguza moto, zikawa laini mno. Nikarekebisha. Nikajaribu bajiya, unga wa majimaji ukachuruzika wote chini, nikajua bajiya si za mashine hii na nikaacha. Wajukuu walinicheka, Sahra akanipigia kila jioni kuuliza kama nimeshaiharibu. Sikuacha. Kila siku nilipika pande mbili, chake na cha wengine, vikamaliza pamoja, na sote tukaketi pamoja. Sahani ya peke yake niliirudisha kabatini. Niliziweka sambusa zake upande wake wa sinia lile lile, na zilifanana na zetu hata mgeni asingejua. Safari za hotelini zikaanza kupungua. Mwanzo alikwenda akanywa chai tu. Baadaye wenzake ndio wakaanza kuja kwetu.

Ramadhani ikaingia. Katikati ya mwezi, tulikuwa tumeketi, adhana imeshaitwa, tende zimekwisha kupita. Mjukuu mmoja aliligeuza sinia bila kujua. Dekow akachukua sambusa, akauma, akatafuna, kisha akakunja uso na kuiweka chini.

Nikadhani kiharusi kimerudi. "Nini, Dekow?"

"Nani ametia chumvi hivi?" alisema kwa hasira. "Hiki ni chakula cha watu au cha ng'ombe wa kulamba magadi? Hebu nipeni zile zangu."

Mjukuu mkubwa akaanza kucheka, na sote tukamfuata. Dekow hakuelewa tunacheka nini. Mimi nilifuta machozi kwa ncha ya shungi, nikaligeuza sinia, zake zikarudi mbele yake. Alizimaliza.

Kikaangio hakitibu presha, mwanangu, usimdanganye mtu. Vidonge bado anameza na kliniki bado tunakwenda. Ila daktari alipompima mara ya mwisho alimpa mkono, na Dekow alirudi nyumbani akitembea kifua mbele kama aliyeuza ng'ombe vizuri.

Basi nakuambia hivi. Kabla hujaingia dukani, kaa uwataje moyoni watu watakaokula kwako: nani hana meno, nani ana sukari, nani bado mtoto, nani hapendi pilipili. Kama wote wanakula kitu kimoja, kikapu kimoja kinakutosha, usijitwishe mzigo. Kama wanatofautiana, chukua viwili, lakini upime kila kikapu peke yake, uviwashe vyote kwa pamoja ukiwa umesimama hapo hapo, na uhakikishe vinaweza kumaliza pamoja. Uliza habari za umeme kabla ya kuuliza rangi. Peleka chakula chako, na akikukatalia muuzaji, nenda kwa mwingine bila kuona haya. Na ukishafikisha kikaangio nyumbani, chakula cha kwanza kikiharibika usiirudishe mashine kwenye boksi. Jaribu kesho, na kesho yake. Unayempikia akinuna, mpikie tena.

Mola akujaalie nyumba isiyopungukiwa na walaji. Akupe subira ya jikoni na mkono mwepesi wa chumvi, awaponye wagonjwa wako, na kila unayempenda amfikishe mkekani pako akiwa na hamu ya kula. Amin.