Bendera Nyekundu ya Karne Isiyo Yake

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, mwezi ishirini na moja Shaaban. Bendera aliyoishona mwisho ilikuwa juu ya cherehani, imekunjwa, imekamilika. Ilikuwa nyekundu tupu. Ilikusudiwa kuwakilisha jeshi la Imamu wa Oman lililowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwezi wa Disemba 1698, na ilikuwa itundikwe katika maonyesho madogo ya Mji Mkongwe kuhusu majeshi ya karne ya kumi na saba, jina la mume wangu likiandikwa chini yake. Jina hilo ndilo lililomfurahisha. Alikuwa amewashonea watu wa Jang'ombe kanzu za harusi na sare za skuli kwa umri wake wote, na hakuna vazi hata moja lililopata kumtaja.

Kazi yetu ya bendera za maonyesho ilikuwa na utaratibu: mimi nikisoma, yeye akishona. Mimi nilichelewa kusoma. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka mmoja na mwanangu wa kwanza, na aliyechelewa kupata kitu hukishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo, kabla ya mkasi kugusa kitambaa, nilitaka kujua ni nani aliyeiona bendera kwa macho yake, na aliandika lini, kwa kuwa michoro mingi mizuri ya vita vile ni ya watu waliozaliwa karne mbili baadaye. Bendera ya Wareno tuliitafuta kwa njia hiyo, nyeupe yenye ngao ya mfalme wao katikati, na kwa kuwa mume wangu alikwisha kuanza kudhoofika, ilishonwa na fundi mwengine. Ya Imamu hatukuwahi kuitafuta. Maradhi yalikwenda mbio kuliko kusoma kwangu, naye akaona asingoje.

"Hii haitaki kitabu," aliniambia, huku akipitisha uzi. "Nani Unguja hajui kuwa ni nyekundu?"

Kweli, nani? Wazazi wetu waliiona nyekundu ikipepea juu ya kasri hadi mwaka 1963.

Nilipokuwa katika eda, wifi yangu, dada yake mkubwa anayekaa Chwaka, aliomba aishike bendera hadi siku ya maonyesho. Nilimpa. Eda ilipokwisha, mwezi wa Julai, nilikwenda maktaba kutafuta mistari miwili mitatu ya maelezo ya kuandikwa chini yake. Nilikwenda kuthibitisha tu. Kitabu cha kwanza kikasema kwamba Maimamu wa zama zile walipeperusha nyeupe, na kwamba nyekundu ilikuja na watawala wa baadaye, ambao ndio waliotufikia sisi. Cha pili kikasema hivyo hivyo. Nikarudia kurasa zile nikitafuta mlango wa kumtolea mume wangu, na sikuuona. Nililia mle ndani mbele ya watu nisiowajua, mimi ambaye siku ya jeneza nilijizuia.

Nilikwenda Chwaka. Wifi yangu alikuwa anachagua mchele.

"Wifi, ile bendera si nyekundu."

"Macho yangu yanaona nyekundu."

"Ya jeshi lile ilikuwa nyeupe. Nshasoma, kitabu zaidi ya kimoja."

Aliusukuma ungo kando. "Mwanamke we, mume yuko kaburini, bado unamsahihisha?"

"Nnaisahihisha bendera."

"Nyeupe! Ili watu waseme jeshi lilikwenda Mombasa kuomba radhi? Mdogo wangu kashona nyekundu, itundikwe nyekundu. Nani atajua?"

"Mimi nnajua."

"Basi jua, na unyamaze. Kusoma kote kule hawakukufundisha kunyamaza?"

Binti anayesimamia maonyesho alikuwa mpole zaidi. Alinishauri tuitundike hiyo hiyo, na chini yake tuandike kwamba ni ya zama za baadaye na kwamba wengi hukosea. Nilimkatalia. Kazi ya mwisho ya mume wangu haikushonwa iwe mfano wa kosa, wageni waionyeshee kidole.

Nilikwenda kununua bafta nyeupe ya kushonea nyingine kwa Mhindi yule yule ambaye watoto wangu walinunua sanda kwake. Aliponiona nimeshika kitambaa, alishusha sauti.

"Pole, bi mkubwa. Nani tena?"

"Hakuna, alhamdulillahi. Ni ya bendera."

"Bendera nyeupe?" Uso ulimfunguka. "Mmesalimu amri kwa nani?"

Nilicheka naye. Akanipimia kitambaa, akanifungia mwenyewe.

Cherehani yake sikuigusa. Nilishona kwa mkono, nikiwa nimekaa kwenye kibao chake, na kila nilipoinyoosha ile bafta magotini, niliona kilichovikwa mwili wake mwezi wa Machi. Niliifumua mara nyingi. Nikamaliza.

Siku ya kutundika, binti yule alishika kalamu.

"Niandike jina la marehemu, bibi, kama tulivyokubaliana?"

Ningeweza kuitikia. Hakuna ambaye angeuliza, na nilikuwa nimelitamani jina lile ukutani kuliko alivyolitamani yeye mwenyewe. Lakini nilikuwa nimemvua nyekundu yake kwa sababu ya ukweli. Sikuweza tena kumvika nyeupe ambayo hakuishona.

"Hakuishona yeye," nikasema. "Nimeshona mimi."

Wifi yangu alikuja siku ya ufunguzi, amevaa buibui jipya. Alisimama chini ya bendera, akaniita. Hakuwa na miwani.

"Nisomee kilichoandikwa."

Nikamsomea: jeshi la Imamu, mwaka, kisha jina langu.

"Na yeye?"

"Hayumo."

"Umemzika mara ya pili," alisema, taratibu, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Aliunyoosha mkono, akaishika ncha ya bafta na kuupapasa mshono kwa kidole gumba, kama wanavyofanya watu waliokulia nyumba ya mafundi.

"Pindo limepinda," akasema. "Yeye asingelipinda hivi."

"Kweli," nikamwambia. "Asingelipinda hivi."