Santiago Tuliyoitembea Scarborough

Harufu yenyewe ni ya boga lililopondwa likachanganywa na unga, likikaangwa huku mvua inanyesha. Nilikutana nayo kwenye kona moja ya Santiago, mji mkuu wa Chile, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na begi moja la mgongoni. Mwanamke alikuwa ameegesha mkokoteni chini ya mwavuli, anageuza maandazi bapa kwenye mafuta, na watu waliolowa wamepanga foleni kwa utulivu kabisa. Nami nikapanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika mji ule, lakini naomba mniamini: tangu asubuhi sikuwa nimemuuliza mtu njia. Mto nilikuwa nimeuacha nyuma, soko la samaki nimelipita, na nilijua nikinyoosha kusini nitatokea kwenye uwanja wenye mitende. Njia ile nilikwisha kuitembea utotoni, karibu kila Jumamosi, huko Scarborough, mashariki mwa Toronto.

Tuliishi ghorofa ya tisa, na Bibi Inesi alikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu. Mama alihudumia wazee majumbani mwao kwa zamu zisizo na adabu, kwa hiyo Jumamosi aliniacha kwa huyo bibi wa Kichile aliyeishi peke yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuweza kukaa kitako. Yeye pia hakuweza. Alinichungulia usoni, akasema kwa Kiingereza chake kizito, "Vaa buti, mijita, tunakwenda Santiago." Mijita kwao ni binti yangu.

Safari ilianzia kituo cha basi mbele ya duka la mazulia. Katika Santiago yetu, pale palikuwa lango la kiwanda cha uchapaji. Tukivuka barabara ya Sheppard, tumevuka mto Mapocho, na nilikatazwa kuchezea maji yake kwa kuwa ni machafu na yana kasi. Duka la vyakula la Wachina kule Agincourt lilikuwa Soko Kuu. Tulisimama mbele ya samaki waliolala kwenye barafu, akanieleza jinsi mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anavyopikwa supu na viazi na vitunguu, na kwamba supu hiyo humwinua mtu aliyekesha. Muuza samaki alituzoea. "Leo mnanunua au mnatalii?" alituuliza, na Bibi Inesi akamjibu kwamba mtalii haulizwi swali hilo, ni utovu wa heshima.

Uwanja wenye mitende ulikuwa sehemu ya kuegesha magari. Hapo tulikula empanada kutoka kwenye mkoba wake, ambayo ni kama sambusa iliyonenepa, yenye nyama, kitunguu, kipande cha yai na zeituni moja ambayo kokwa yake haitolewi, ili mlaji awe makini. Maktaba ilikuwa ikulu. Kuhusu ikulu alisema machache: ndege za jeshi la nchi yenyewe ziliipiga mabomu, asubuhi, watu wakiwa kazini. Kisha kilima cha Santa Lucia, ambacho Wahispania walikitumia kujihami walipoanzisha mji. Wakati wa baridi kilima kilikuwa lundo la theluji iliyosukumwa na matrekta, nami nilikipanda hadi kileleni na kukitangaza kuwa miliki yangu. Kiangazi kilima hakikuwepo, ikabidi tukiheshimu hivyohivyo. Safari iliishia mlangoni kwake.

Mvua ikinyesha hatukwenda mbali. Kwao mvua ni amri ya kukaanga maandazi ya boga. Nilimpelekea Mama moja. Alilitafuna, akalitazama, akasema, "Halina iliki, halina sukari. Hili ni la mgonjwa." Akala na la pili.

Sasa niwasimulie kosa langu. Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba nilibisha, Bibi Inesi akafungua mlango, macho yakiwa mekundu. Mezani palikuwa na barua, na juu yake picha ya kijana mwenye sharubu, Rauli, mume wake. Nilishaiona picha hiyo ukutani. Alinipa andazi, akasema leo hatuendi Santiago, nirudi nyumbani.

Jioni Mama alikuwa anasukuma chapati, mimi nikizila. Aliuliza mbona sikutembea. Nikasema Bibi Inesi amelia, kaletewa barua kuhusu mumewe. "Kwani mumewe yuko wapi?" Sikujua. Lakini nilikuwa mtoto asiyependa kukosa jibu, na barua, picha na machozi viliponijia pamoja vilitoa jibu moja tu. Nikasema kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa pale, kwamba amekufa.

Mama aliweka chini kile kifimbo cha chapati. "Jirani yako kafiwa tangu asubuhi, wewe unakula tu?"

Kwetu msiba haungoji mwaliko. Kesho yake, baada ya ibada, Mama na wanawake watatu wa jengo lile, kanga zimefungwa juu ya makoti, walishika njia ya mlango wa Bibi Inesi na sufuria ya pilau, chupa mbili za chai na mkeka, mimi nyuma yao. Alipofungua walivua viatu, wakasogeza meza, wakatandika, wakaketi sakafuni. Mama alimshika mikono, akampa pole kwa kufiwa na mume.

Bibi Inesi aliwatazama mmoja mmoja. "Nani amesema Rauli amekufa?"

Wote walinigeukia mimi.

Niliona mkono wake ukienda kwenye kitasa, na nikajua kwamba ukikigeuza tutatoka sote na mlango ule hautafunguka tena kwangu. Lakini alisimama hivyo, halafu akaanza kuzungumza, polepole, nami nikatafsiri kwa ajili ya wale wasiojua Kiingereza. Alisema Rauli alikuwa mpanga herufi kiwandani. Siku chache baada ya ndege zile alitoka kazini na hakufika nyumbani. Sasa, karibu miaka thelathini baadaye, serikali imemwandikia kwamba imefukuliwa mifupa na watu wa ukoo wanaombwa damu ili ilinganishwe, naye ni wa ukoo kwa kuwa mama yake na mama wa Rauli walikuwa dada. "Nikitoa damu yangu," alisema, "huenda nikamuua mimi mwenyewe. Kila Jumamosi natembea na mtoto huyu kutoka kiwandani hadi mlangoni kwetu. Ni njia yake ya kurudi nyumbani. Sijui alikomea wapi."

Nilitafsiri maneno hayo nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Wenzangu, mimi nilidhani ni mchezo.

Salamu zote walizokuja nazo zilikuwa za mtu aliyekufa. Ndipo mmoja wao, Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya nne ambaye hakuwa na mazoea ya kuongea, akanivuta sketi. "Umwambie," alisema, "mutoto wangu alienda kutafuta chumvi, vita ikaingia. Ni miaka saba. Umwambie sijamulilia."

Nilisema neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza. Bibi Inesi aliachia kitasa. Alikuja akaketi mkekani kando ya Mama Furaha, magoti yakimlalamikia, na wawili hao wakakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Wiki iliyofuata alitoa damu, Mama akimshikia mkoba. Tukaendelea na Jumamosi zetu, na mara nyingine Mama Furaha alikuja nasi, akila empanada na kutema kokwa kwa ustadi. Jibu la ulinganisho ule halikuja. Halikuja kabisa.

Nilikua nikiuliza maswali. Shule niliiacha mapema kwa sababu walitaka majibu ambayo tayari walikuwa nayo. Tangu hapo nimelala katika miji ambayo siwezi kuihesabu, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kutojua kwa Bibi Inesi hakukuwa upungufu wa habari ambao mtoto mwerevu angeujaza. Kulikuwa ni kazi. Alikwenda nayo kwa miguu, akaitunza, na mimi niliifuta kwa neno moja jikoni ili nisionekane mjinga.

Alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa, napakia mizigo ghalani Malton, nje kidogo ya Toronto. Hakuwa na ndugu Toronto, kwa hiyo Mama alikwenda kushughulikia mazishi, nami nikamsindikiza. Kijana mpole mwenye tai alijaza fomu. Jina, umri, kuzaliwa. "Na alikuwa mjane," alisema, kalamu imeshagusa karatasi.

Mama aliweka kidole juu ya mstari ule. "Hapana. Andika ameolewa."

Kijana alinigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyezungumza Kiingereza kama chake, akitumaini nitamrekebisha mzee wangu. Nikamrudishia neno la Mama kwa Kiingereza hichohicho, ameolewa, naye akaandika.