Vidonge Vilivyochemshwa Omate

Siku yangu ya kwanza kazini, katika dispansere ya Masisi, infirmier-chef, yaani muuguzi mkuu, alinikabidhi sufuria ya sindano akaniambia nisiondoe macho mpaka itokote vya kutosha. Mwaka mzima kazi ilikuwa hiyo: kuchemsha sindano, kuchemsha bandeji, kisha kusimama mbele ya akina mama kuwahubiria wachemshe maji.

"Kila kitu inaingia mu kinywa, ipite kwanza ku moto," ndivyo chef alivyotufundisha kusema, nami nikalisema neno hilo hata usingizini.

Kisha nikahamishiwa Omate, huko Walikale, kwenye kambi ya wachimbaji. Tulitembea siku kadhaa msituni, na magoti yangu hayajanisamehe hadi leo. Wachimbaji walikula unga wa muhogo, maharagwe makavu na makayabo, yaani samaki wa chumvi, mwezi baada ya mwezi. Fizi zilivuja damu, vidonda havikufunga. Kilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Docteur, Mbelgiji aliyetupitia kila mwezi, alituletea vidonge katika chupa za kioo cheusi.

Ninyi mnaovimeza leo kama peremende, sikilizeni. Chupa ifungwe, ikae pakavu, mbali na jua. Kidonge kikigeuka kahawia kimepoteza nguvu. Usimeze vya siku nzima kwa mkupuo, maana mwili huchukua kinachoutosha, kingine hutoka na mkojo. Gawanya asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula ili tumbo lisikuwakie. Ukivila pamoja na maharagwe au sombe, yaani kisamvu, damu nayo inafaidika. Na moto huviua. Hilo Docteur alinieleza, lakini sikuwaambia wagonjwa, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu angechemsha kidonge.

Papa Balume, mchimbaji kutoka Masisi, alikuwa na kidonda cha mguu. Mkewe, Mama Faida wa Itebero, ndiye aliyechukua vidonge vyake kwangu. Wiki zikapita, kidonda kikazidi kuoza, na Docteur akasema akikikuta hivyo tena atakata mguu. Siku moja kabla hajafika nilikwenda nyumbani kwao. Nikamkuta Mama Faida mekoni, chungu kimefunikwa kwa jani la ndizi, kama watu wa kwao wanavyopika dawa ya mizizi.

"Ni dawa yako, Papa Munganga," akaniambia kwa furaha. "Minaitokotesha kila asubui mpaka maji inabakia nusu. Si njo weye ulitufundisha?"

Nilimwambia aache, nikampa vidonge vipya, nikarudi zangu.

Kesho yake Docteur alikitazama kidonda akakasirika. "Dawa haina kosa! Huyu mwanamuke anaitupa. Weye, infirmier, unajua kitu?"

Mama Faida alinitazama, akingoja nieleze. Papa Balume, kitandani, alinitazama. Infirmier aliyekosea alifukuzwa siku hiyo hiyo, na mimi nilikuwa na wazazi walionitegemea.

"Hapana, Docteur," nikasema.

Niliomba asikate mpaka ziara yake ya mwezi uliofuata, akakubali. Papa Balume alimrudisha mkewe Itebero, akamwita dada yake amtunze. Dada akampa vidonge kama nilivyoelekeza, pamoja na ndimu na mapapai, na kidonda kikafunga. Kambi nzima ikaona ushahidi: mke alikuwa anamuua, dada amemponya. Docteur alinisifu mbele ya watu, nami nikapokea sifa hizo. Naona haya kuandika haya.

Nilitumika vituo vingine vingi, chini ya machef wengi, mpaka nikapumzishwa. Nimechoka, na pensheni haiondoi uchovu wa namna hii. Papa Balume alipofariki, nilijikokota hadi Itebero, nikamkuta Mama Faida akimenya muhogo. Hakuolewa tena. Nilimweleza yote.

Hakuacha kumenya. "Siku ile, Papa, ulikuwa unaogopa nini?"

"Kufukuzwa, Mama."

"Basi, njo nikafukuzwa mimi."