Barua Niliyoshindwa Kuisoma

Kwa miaka sita nilisimama mbele ya waumini wa kanisa letu dogo pale Bombo, mlimani, Biblia wazi mkononi, na sikujua kusoma hata neno moja. Utoto wangu uliishia kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, nikikata majani pamoja na baba. Niliporudi mlimani nilioa binti aliyesoma shule ya misheni. Kila Jumamosi alinisomea somo la kesho yake, nami nikalirudia hadi likanikaa kichwani. Mchungaji alitufikia mara moja kwa mwezi, kwa miguu. Jumapili nyingine niliongoza mimi, mzee wa kanisa. Watu walinisifu kwamba nasoma vizuri. Sifa hizo zilinichoma.

Wakati wa vita, Waingereza walipochukua vijana wetu kwenda kupigana nchi za mbali, jirani yetu mjane alichukuliwa mwanawe wa pekee. Mwaka ukapita bila habari. Jumapili moja, mke wangu akiwa kwao Maore kumuuguza mama yake, mjane alinifuata baada ya ibada na bahasha iliyotoka ofisi ya wilaya, Same. Watu wakasogea wasikie.

Niliifungua. Ningeweza kubuni: mwanao hajambo, anakusalimu. Nani angejua? Lakini yule mama alikuwa ameninyanyulia uso. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, nikasema:

"Mama, nisamehe. Sijui kusoma. Sijawahi kujua."

Mtu mmoja akaguna. Wengine wakaanza kuondoka bila kuniaga. Mjane akaichukua barua yake.

"Basi twende kwa mkeo, mwanangu," akasema.

Tulishuka Maore siku ileile. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni: kijana yuko hospitali, amekatwa mguu, lakini yu hai, na anamsihi mama yake asilie. Mjane alilia. Nami nililia naye, na sikujali nani ananiona.

Mchungaji alipokuja nilimweleza yote, nikamwomba anivue uzee wa kanisa. Alinivua. Nikakaa benchi la nyuma. Mke wangu alianza kutufundisha kusoma uani kwetu, mimi na yule mjane, kisha wakaja wengine saba, watu wazima waliokuwa wakishika vitabu vya nyimbo miaka yote na kuimba kwa kufuatisha wenzao.

Cheo sikurudishiwa. Ila watu walianza kunijia shambani na mambo yao mazito, jambo ambalo halikutokea hata mara moja nilipokuwa mzee wa kanisa. Mwanamume mmoja alipanda kutoka Bendera, huko bondeni, tukakaa kwenye mibuni hadi adhuhuri, akanieleza jambo ambalo hata mkewe hakulijua. Nilimsikiliza, tukaomba, akashuka kwake. Siku hiyo ndipo nilipoelewa Mungu alikuwa ameniitia nini.