Godoro la Chumba cha Juu

Miaka yote nilikana kuwa nilikuwa kikojozi, na juzi nilikaribia kushinda. Stoo yangu ya Ghubra, mtaa wa hapa Maskati, iliota kuvu nyeusi darini, na uvundo wake ukanirudisha chumba cha juu cha utotoni, tulipokuwa wageni mjini hapa kutoka Unguja.

Bibi aliiogopa baridi kuliko jini. Aliziba kila tundu la hewa kwa kanga kuukuu, akakausha nguo zetu juu ya seredani ya makaa, kisha akafukiza udi. Dari ikatiririka. Mie nilidhani nyumba ina homa, inatoka jasho. Alasiri moja aliligeuza godoro letu la usufi. Lilinuka samaki aliyeoza ndani ya udi, nikatapika.

“Kikojozi we! Na godoro ndilo hili moja!”

“Ni dari, Bibi!”

“Dari ina kibofu?”

Basi juzi nilimpigia simu Dada, niliyekuwa nikilala naye godoro hilo, kudai heshima yangu. Nilimweleza kwa kisomo changu chote habari za mvuke na hewa isiyopita. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Kweli, mdogo wangu. Lakini matone ya dari yalikuwa baridi. Mie nikiamshwa na ya moto.”