Waridi Jekundu la Uani

Leo nimesimama kwenye bustani ya miche, na harufu ya waridi imenirudisha Kitangari, kwenye ua wa mianzi nyuma ya nyumba yetu. Mama alikuwa ameleta vijiti viwili vya waridi linalotambaa, jekundu na jeupe, akaniambia nichague kimoja.

Jirani yetu akacheka. "Dada, maji tunayapandisha mlima kichwani, wewe unataka kumwagilia maua?"

"Litakunywa yale tunayonawia uso," Mama akajibu.

Nikachagua jekundu. Kila asubuhi nilinawa juu ya shina lake, tope baridi likinirukia miguuni, mpaka waridi likaufunika ua wote.

Siku moja jirani yule akaja kuomba maua ya harusi ya binti yake.

Mama akaninyooshea kidole. "Mwenyewe yule pale. Muombe."

Na mtu mzima yule akaniomba.