Mkono wa Kelestini

Kelestini wa Lumemo hajawahi kumtajia mtu saa. Ukimuuliza mtakutana saa ngapi, anainua mkono wa kulia, ananyoosha kidole angani na kusema, "Jua likiwa hapa." Basi. Hata mawingu yakiwa yametanda anafanya hivyohivyo, na masika ya huku jua linaweza kujificha wiki nzima. Nilishamwambia mara nyingi kwamba ana simu mfukoni na simu ina saa. Akanijibu kwamba saa ya simu yake na ya simu yangu hazilingani, ila jua ni moja. Ana kichwa kigumu huyu bwana, na mimi ndiye rafiki yake, kwa hiyo naumia kuliko wengine.

Mwaka huu wakati wa mavuno alianguka na baiskeli yenye gunia la mpunga, bega likavunjika. Akafungwa hogo, plasta ngumu iliyoanzia kiunoni ikapanda mpaka shingoni, na mkono wa kulia ukabaki umeinuliwa pembeni, nusu ya njia kwenda juu. Mtu mwingine angeona huo ndio wakati wa kuanza kutumia mdomo. Kelestini aligundua kwamba akisimama kutazama milima ya Udzungwa, mkono unaelekea jua linakochomoza, na sisi tukaisoma hiyo kuwa saa tatu asubuhi. Akigeuka kutazama Mto Kilombero, unaelekea linakozama, saa tisa alasiri. Saa sita mchana aliipata kwa kuinama upande wa kushoto huku nimemshika asianguke. Saa nyingine aliachana nazo.

Lumemo walizoea. Vijana wa bodaboda walimuuliza saa ngapi ili tu wamwone akizunguka, naye alizunguka bila kinyongo.

Tatizo ni kwamba alikuwa anataka kuoa. Alifiwa na mkewe zamani, na Stefania, mjane anayekaanga vitumbua mtaani kwetu, alishamkubali. Kilichobaki ni kaka yake, Anselim, aliyekuja kutoka Mahenge kwa siku chache, mtu wa saa ya mkononi na shati la kuchomekea. Tulimfuata kwa Stefania alikofikia, mimi nikiwa mshenga, kuomba nafasi ya kuleta posa. Akasema tuje kesho, ila tuseme saa ngapi, maana keshokutwa mchana anapanda basi na hatarudi tena kwa jambo hili.

Kelestini akatazama milima. "Jua likiwa hapa," akasema.

Anselim alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Kabla hajainua kichwa, Bibi Sikudhani, mzee wa mtaani kwetu, akapita barabarani nyuma yetu. Mkubwa hasalimiwi kwa kisogo, na shingo ya Kelestini ilikuwa ndani ya plasta, kwa hiyo aligeuka mwili mzima, akatazama mtoni, akampa shikamoo. Nami niligeuka kuamkia. Hapo ndipo Anselim alipoinua kichwa na kuusoma mkono.

Kesho yake saa tatu tulifika, Kelestini kavaa koti lenye mkono mmoja unaoning'inia mtupu. Anselim alikuwa amekwenda sokoni kuangalia bei ya mchele. Stefania alitupa chai na vitumbua, tukangoja mpaka aibu ikatushinda, tukaondoka. Saa tisa Anselim akakaa sebuleni na soda mezani, asije mtu. Alipoambiwa tulikuja asubuhi akazidi kuwaka, akaona tumevizia hayupo.

Jioni alituita. Alisema dada yake hataolewa na mwanamume mwenye asubuhi na alasiri kwa pamoja. Nilimweleza habari ya shikamoo, akasema hayo ni maelezo ya mlevi. Mwishowe akamwambia Kelestini ataje saa kwa mdomo wake, kila mtu asikie.

Kelestini akafungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka. Miaka yote ile nilidhani ni ubishi, kumbe hajui kusoma saa. Nilimwonea huruma.

Stefania akatoka jikoni na mikono ya unga. Hakumtazama kaka yake. Alimshika Kelestini kiunoni, juu ya plasta, akamzungusha taratibu kama anayesogeza kabati, mpaka uso ukatazama milima na mkono ukaelekea jua linakochomoza.

"Kesho saa tatu, kaka, kabla ya basi lako," akasema. Kisha akamwambia Kelestini, "Na wewe usigeuke."

Anselim akatazama saa yake, akautazama mkono, akasema sawa.

Nyumbani kwa Kelestini ni upande wa mtoni. Alirudi kinyumenyume njia nzima, macho milimani, bajaji zikimpisha, nami nyuma yake nikimwelekeza mashimo. Bibi Sikudhani alipotukuta, Kelestini alimpa shikamoo kwa kisogo na kumwomba radhi. Bibi akaitika marahaba, akausoma mkono, akasema basi kesho atafika mapema kwa Stefania kusaidia kupika.